Chakula cha Peru katika Mtaa wa Tsurumi, Japani



Magari mengi yanayopita Barabara ya Digo, au yanayongoja feri pale Likoni, yalianza maisha yake Japani. Tunayanunua, tunayapanda, tunayaombea dua ya safari, lakini ni wachache wetu wanaouliza yalipakiwa wapi. Mojawapo ya mahali hapo ni gati ya Daikoku, kisiwa kilichojengwa kwa kufukia bahari katika wilaya ya Tsurumi, mjini Yokohama. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi ya kukagua magari hayo kabla ya kupakiwa melini, na ndiye aliyenialika kwake kwa wiki tatu pamoja na mkewe na binti yao wa miaka 9.

Magari nayaachia wenyewe wafanyao biashara hiyo. Nataka kuwasimulia mtaa ulio nyuma ya bandari, ambako tulikula mchana mmoja katika mkahawa mdogo wa chakula cha Peru. Mpishi wake alikuwa mama mwenye sura ya Kijapani na jina la Kijapani, naye Wajapani humwita mgeni. Niliyoyaona na kuyasikia mezani pake yanatuhusu sisi tulio na watoto ng'ambo, na hata sisi ambao watoto wetu hawajawahi kuvuka daraja la Nyali.

Mtaa wa watu waliotoka mbali

Tsurumi iko kati ya mji wa Kawasaki na kitovu cha Yokohama. Ukishuka kwenye treni, upande wa magharibi kuna Sojiji, hekalu kubwa la dini ya Kibudha lenye miti mirefu na utulivu mwingi. Upande wa pili, kuelekea baharini, mambo ni mengine: unavuka mto Tsurumi na kuingia kwenye vichochoro vya nyumba za ghorofa mbili, waya za umeme zimetandaa juu kama nyavu za wavuvi, na mbele zaidi ni mabomba na matangi ya viwanda.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ufuo huo ulifukiwa, viwanda vikajengwa, na vibarua wakatafutwa. Wengi walitoka Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, ambavyo hadi mwaka 1879 vilikuwa na ufalme wake uliojulikana kama Ryukyu. Watu wa Okinawa walikuwa na lugha yao, nyimbo zao na mapishi yao, na walipofika bara walidharauliwa kwa hayo yote. Wakakaa pamoja, wakasaidiana. Hata leo, katika barabara ya maduka iitwayo Nakadori, zipo jamvi na meza za mikahawa ya tambi za Kiokinawa, na milangoni wamewekwa simba wa udongo ambao watu wa visiwa hivyo huweka kwa desturi yao.

Kwenye barabara hiyo hiyo utaona pia mabango ya Kihispania na Kireno. Duka moja linauza unga wa muhogo na maharage ya Brazili. Jirani yake anauza soda ya manjano ya Peru. Mpita njia asiyejua historia atadhani ni watu wawili tofauti waliokutana kwa bahati. Kumbe wengi wao ni ukoo mmoja, uliozunguka dunia ukarudi.

Walitoka Yokohama, wajukuu wakarejea Yokohama

Karibu na bandari ya Yokohama yapo makumbusho ya uhamiaji wa Wajapani, yaliyofunguliwa mwaka 2002. Nilikwenda huko kabla ya kula chakula ninachotaka kuwaeleza, na ninashukuru kwamba mambo yalifuatana hivyo, kwani nisingekielewa chakula chenyewe.

Mwaka 1899 meli iitwayo Sakura Maru iliondoka bandari hiyo ya Yokohama ikiwa na Wajapani 790. Tarehe 3 Aprili ikatia nanga Callao, bandari ya mji wa Lima, nchini Peru. Walikuwa wanaume waliotia saini mikataba ya kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Walitarajia kuchuma kwa miaka michache, kisha warudi. Mashambani wakakuta malaria, homa ya matumbo, ujira uliokatwakatwa na wanyapara wakali. Wengi walizikwa huko huko. Waliosalia wakahamia mijini, wakafungua vinyozi, maduka ya rejareja na mikahawa midogo. Kuanzia mwaka 1906 wakaanza kufika pia watu wa Okinawa, ambao baadaye wakawa sehemu kubwa ya jamii hiyo.

Mafanikio yao yaliwaletea uadui. Mwezi Mei 1940 makundi ya watu yalivamia maduka na nyumba za Wajapani mjini Lima, yakapora na kuvunja. Vita vikuu vilipopamba moto, takriban watu 1,800 wenye asili ya Kijapani walikamatwa nchini Peru na kusafirishwa hadi Marekani, wakafungiwa kambini, wakiwamo wanawake na watoto. Vita vilipokwisha, wengi wao Peru ilikataa kuwapokea tena.

Kisha gurudumu likageuka. Kufikia miaka ya 1980 uchumi wa Peru ulikuwa umeporomoka na nchi ina vita vya ndani, ilhali viwanda vya Japani vinahitaji mikono. Mwaka 1990 sheria mpya ya uhamiaji ya Japani ilianza kutumika, nayo ikawafungulia mlango wa kuishi na kufanya kazi wajukuu wa Wajapani waliozaliwa ng'ambo. Waperu na Wabrazili wa asili ya Kijapani wakaja kwa maelfu. Wahenga wetu wamesema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hawa walirejea ngamani, lakini hawakuijua tena ngama yao: sura ni ya huko, jina ni la huko, ulimi ni wa Lima.

Kuuliza kabla ya kula

Mkahawa tulioingia una meza sita. Mlangoni amekaa yule simba wa udongo wa Okinawa; ndani ukutani kuna bendera nyekundu na nyeupe ya Peru, na televisheni inaonyesha kandanda bila sauti. Wateja walikuwa vibarua wawili waliovaa sare za kiwandani na bibi mmoja mzee akinywa mchuzi peke yake. Hapana kitambaa cha meza wala mhudumu wa kukuinamia. Unakaa, unasoma karatasi yenye picha, unaita.

Najua kina mama mtaniuliza swali la kwanza: tulijuaje kama chakula kile ni halali? Jibu ni kwamba tuliuliza. Wasafiri wengi huona haya kuuliza. Wengine hukaa na njaa siku nzima, na wengine hufumba macho na kula chochote. Njia zote mbili hazifai. Kuuliza kwa adabu ni haki ya mla na ni heshima kwa mpishi.

Mpwa wangu anakijua Kijapani vizuri. Alimweleza yule mama kwamba sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe, hatuli nyama ambayo haikuchinjwa kisharia, na hatutumii pombe hata iliyotiwa ndani ya mchuzi. Mama hakukunja uso. Alikwenda jikoni, akarudi na chupa tatu za viungo vya majimaji, akazipanga mbele yetu ili mpwa wangu asome yaliyoandikwa. Ilikuwa vyema kufanya hivyo, kwa sababu mchuzi wa soya, ambao mtu angedhani ni maharage na chumvi tu, huko mara nyingine hutiwa kileo ili usiharibike. Na upo mwingine mtamu uitwao mirin, ambao asili yake ni pombe ya mchele. Chupa moja kati ya zile tatu ilikuwa nacho. Akaiweka kando.

Kisha akatupitisha kwenye orodha yake kwa uaminifu. Kuku wa kuchoma alisema tumwache, kwani humlaza kwenye bia kabla ya kumweka motoni. Nyama ya ng'ombe ya kukaanga na vitunguu na viazi, iitwayo lomo saltado, tukaiacha kwa kuwa haikuchinjwa kisharia. Tukaiacha pia mishikaki ya moyo wa ng'ombe iitwayo anticucho, ambayo Waperu wanaihusisha sana na Waafrika waliopelekwa utumwani huko, ambao waliachiwa matumbo na maini na mabwana zao, wakayageuza kuwa chakula ambacho leo nchi nzima inajivunia.

"Samaki je?" akauliza. Mpwa wangu akacheka. Kwa watu wa Pwani, walioshika madhehebu ya Imam Shafi, swali hilo ni kama kumuuliza bata kama anataka maji. Mama akaosha kisu na ubao wa kukatia mbele ya macho yetu, akaanza kazi.

Yaliyofika mezani

Kwanza lilikuja bakuli la mahindi makavu yaliyokaangwa, yenye chumvi, ya kutafuna wakati wa kungoja. Halafu likafuata sahani kubwa ya ceviche, ambayo Waperu huiona kuwa fahari ya nchi yao. Ni samaki wa nyama nyeupe aliyekatwa vipande, akamwagiwa maji ya ndimu, chumvi, pilipili, kitunguu kilichokatwa nyembamba na majani ya dania. Moto haumgusi. Ukali wa ndimu ndio unaoigeuza nyama ikawa nyeupe na ngumu kidogo, kama iliyopikwa. Nawatahadharisha wanaotaka kujaribu nyumbani: ndimu hubadilisha nyama lakini haiui vijidudu vyote, kwa hiyo samaki awe wa kuaminika sana, na mjamzito na mtoto mdogo waepushwe.

Zamani Waperu walimwacha samaki ndani ya ndimu kwa saa nyingi. Inasemwa kwamba ni wapishi wa asili ya Kijapani, waliozoea samaki mbichi kwao, ndio waliowafundisha kupunguza muda hadi dakika chache, ili ladha ya bahari isipotee. Maji yanayobaki chini ya sahani huitwa maziwa ya simbamarara. Msishtuke, hamna maziwa wala mnyama ndani yake. Ni ndimu, pilipili na utomvu wa samaki. Ila yapo mahali wanapoyatia kileo na kuyauza kwa bilauri, basi hapo pia ulizeni.

Pembeni ya samaki kulikuwa na kiazi kitamu kilichochemshwa na mahindi yenye punje kubwa mara mbili ya yetu. Nilipokiona kile kiazi kitamu kando ya samaki nilikumbuka futari za mama yangu. Wala kufanana huko si ajabu. Mahindi, viazi, viazi vitamu, muhogo, nyanya, njugu na pilipili, vyote vina asili yake katika bara la Amerika, na vilivuka bahari baada ya Wareno na Wahispania kufika huko. Viazi mbatata vililimwa kwanza kwenye milima ya Andes, upande wa Peru na Bolivia, maelfu ya miaka iliyopita, na hadi leo mjini Lima kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi. Bhajia za viazi za Mombasa zina shina lake huko.

Sahani iliyotufurahisha zaidi ilikuwa ya pweza. Alichemshwa akalainika, akakatwa vipande vyembamba, akafunikwa kwa mchuzi mzito wa zeituni nyeusi wenye rangi ya zambarau. Chakula hiki kinahesabiwa kuwa ubunifu wa Rosita Yimura, mama wa Kiperu mwenye asili ya Kijapani aliyekuwa na mkahawa wake Callao, bandari ile ile walikoshukia wale 790. Sisi pweza tunamjua wa nazi na wa kukaanga. Wa zeituni sikuwahi kumfikiria. Mke wa mpwa wangu aliomba kuelezwa, na siku ya pili alimpika nyumbani.

Kinywaji kilikuwa chicha morada: mahindi ya rangi ya zambarau yaliyochemshwa pamoja na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu, yakachujwa, yakatiwa sukari na ndimu, yakapozwa. Harufu ya ile karafuu ilitosha kunirudisha nyumbani. Hiki hakichachuki. Lakini lipo pombe la mahindi lenye jina la chicha vilevile, kwa hiyo mtu ataje jina lote aombapo. Sote wanne tulikula kwa chini ya yeni 7,000, na tukashiba.

Maneno tuliyoyatambua

Jambo lililonishughulisha mimi, niliyelelewa kwenye Kiarabu cha madrasa, ni maneno. Mama yule aliposema na wale vibarua kwa Kihispania, masikio yangu yalikuwa yakiokota vitu. Wali wao huitwa arroz, na Waarabu husema ar-ruzz. Sukari yao ni azúcar. Zeituni yao ni aceituna, mafuta yao ni aceite, na hayo ni az-zaytuna na az-zayt. Samaki aliyekaangwa kisha akalowekwa kwenye siki na vitunguu huitwa escabeche, neno lililotokana na sikbaj, chakula mashuhuri cha zama za Makhalifa wa Baghdad; na sehemu ya kwanza ya neno hilo, kwa Kiajemi cha kale, ndiyo siki.

Maneno haya yalipitia Andalusi, ambako Waislamu waliingia mwaka 711 na ufalme wao wa mwisho, Granada, ukaanguka mwaka 1492. Miaka 40 baadaye Wahispania walikuwa Peru. Walikuwa wamewafukuza wenye lugha, lugha yenyewe ikabaki vinywani mwao, jikoni mwao na hata katika maombi yao: Mhispania akitamani jambo liwe husema ojalá, na asili yake ni kauli ya Kiarabu ya kulitegemeza jambo kwa matakwa ya Mwenyezi Mungu.

Kulikuwa pia na picha ukutani iliyowafanya wanawake wetu wasimame kuitazama. Ni mwanamke wa Lima wa zamani, amejifunika shela kuanzia kichwani, limeshikwa kwa mkono hata likaacha jicho moja tu. Wanawake hao waliitwa tapadas. Vazi hilo lilidumu Lima tangu karne ya 16 hadi ya 19, na wengi hulihusisha na Waislamu wa Andalusi. Watawala walijaribu zaidi ya mara moja kulipiga marufuku, wanawake wakakataa. "Babu, huyu amevaa buibui!" binti alisema. Na kweli, kwa mbali ungeapa ni mama wa Mji wa Kale.

Binti huyo huyo ndiye aliyegundua neno jingine. Mama alipowaelekeza wateja wapya mahali pa kukaa alitamka mesa. Mtoto akaangua kicheko, maana sisi nasi tunasema meza, tukiwa tumeipata kwa Wareno.

Aliyoyasimulia mwenye mkahawa

Wateja walipopungua, mama alivuta kiti akakaa nasi. Babu yake alitoka Okinawa akaenda Peru, akafungua duka Lima, na mwaka ule wa 1940 likavunjwa. Bibi yake alipika chakula cha Kiokinawa ndani ya nyumba madirisha yakiwa yamefungwa, ili majirani wasisikie harufu. Yeye mwenyewe alizaliwa Lima. Shuleni watoto walimwita Mchina, kwa kuwa hawakujali kutofautisha. Mwaka 1991 akaja Japani, akijiambia kwamba sasa anakwenda kwao. Akapata kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari. Wiki ya kwanza msimamizi wake, alipoona haelewi anachoambiwa, alimwita gaijin, yaani mgeni.

"Kule nilikuwa Mjapani, huku nikawa Mperu," alisema. "Nilikuwa na nchi mbili na hapana hata moja iliyonitaka."

Msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 ulipofika, vibarua kama yeye ndio waliotangulia kuachishwa. Mwaka uliofuata serikali ya Japani ilitangaza kuwapa wahamiaji wa asili ya Kijapani yeni 300,000 kila mfanyakazi, na 200,000 kwa kila mtegemezi wake, warudi Amerika ya Kusini, kwa sharti kwamba wasirejee tena kwa ruhusa ile ile ya ukaazi. Wengi walichukua. Yeye alikataa kwa kuwa watoto wake walikuwa shuleni. Akaanza kuwapikia vibarua wenzake vyakula vya kubeba, kutoka jiko la nyumbani, hadi akapata pango hili.

Hapo mke wa mpwa wangu akauliza jambo ambalo nililiona lilikuwa likimkaa moyoni siku nyingi. Katika shule za msingi za Japani watoto hula pamoja darasani, chakula kimoja, na mzazi huletewa orodha ya chakula cha mwezi mzima. Mtoto wa Kiislamu hubeba chake. Basi mama huyu wa kwetu huamka kabla ya alfajiri, hutazama orodha, na kupika kinachofanana na cha shule kwa vitu vya halali, ili binti yake asionekane tofauti. Lakini binti ameanza kukataa hata nyumbani chakula cha kwao. Akipewa wali wa nazi husema unanuka. Juma moja kabla yangu kufika, alimwomba mama yake asije shuleni akiwa amevaa leso. Mama mtu akauliza, "Wewe wako ulifanyaje?"

Mwenye mkahawa hakujitia hekima. Alisema wa kwanza alimpoteza. Binti yake mkubwa alipoona haya, yeye mama alinyamaza, akaacha kumsemesha Kihispania, akampikia alivyotaka. Leo binti huyo yuko mji mwingine na huja mara moja kwa mwaka. Kwa mtoto wa pili alibadilisha njia. Siku za shule alimpikia kama wenziwe. Siku ya Jumapili aliwaita wenziwe nyumbani, watatu au wanne, akawapa chakula cha Peru, akawaambia kila kimoja kinaitwaje na kimetoka wapi. Baada ya miezi michache wale watoto wa Kijapani ndio waliokuwa wakimwuliza mwanawe, "Jumapili tunakuja?" Mtoto akaacha kuona haya. Kihispania chake hadi leo ni cha kuokoteza, lakini hapiti Jumapili bila kuja kula, na sasa huja na mwanawe mdogo.

Kisha akamgeukia binti yetu, akamuuliza kwa Kijapani kwao wanakula nini. Mtoto akamtazama mamake. Kikapita kitambo. Akataja wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mama akauliza nazi hukunwaje. Basi yule mtoto, ambaye Mombasa amefika mara mbili tu maishani mwake, alisimama kando ya meza akaonyesha kwa mikono: unavyokalia mbuzi, unavyozungusha kifuu, unavyokamua tui la kwanza na la pili. Alimweleza kwa Kijapani chake chepesi, na maneno mawili hakuyafasiri, akayaacha kama yalivyo: mbuzi na tui. Mama yake aliinamisha uso, akawa anapanga vijiko ambavyo havikuhitaji kupangwa.

Tunalolichukua

Ndugu wasomaji, nyumba chache za Pwani leo hazina mtoto, ndugu au mjukuu Muscat, Doha, London au Toronto. Tunawauliza wanasali? Wanasoma? Wanatuma? Ni maswali ya haki. Tuwaulize na hili: watoto wenu wanakula nini, na wanakulaje, kwa fahari au kwa kujificha? Mtoto anayeona haya harufu ya chungu cha mamake ataona haya kesho mtandio wake, na keshokutwa jina lake.

Wala dawa yake si kumgombeza. Mama wa Tsurumi hakumlazimisha mwanawe. Aliwafungulia wageni mlango, na macho ya wageni yakamfundisha mtoto thamani ya kilicho chao. Sisi ni watu tuliofundishwa kukirimu wageni tangu utotoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi walioko ugenini waalike jirani asiyekuwa Muislamu, wampe mahamri na mbaazi, wamweleze. Na sisi tulioko hapa tujitazame: watoto wangapi wa Mji wa Kale, Malindi na Lamu wanaona kwamba kimanga ni chakula cha maskini na chipsi ndiyo karamu? Mtoto aitwe jikoni, wa kike na wa kiume, akalie mbuzi, akune nazi kwa mkono wake. Ajue tui la kwanza na la pili kabla hajajua bei ya pakiti dukani.

Na aulizwaye na mgeni kuhusu chakula chake, amjibu kwa ukweli, kama tulivyojibiwa sisi. Yule mama si wa dini yetu, lakini hakutuficha bia iliyokuwa kwenye kuku wake, ingawa ndiye aliyekuwa akipoteza mauzo. Wenye mikahawa wa kwetu na walifikirie hilo.

Juzi mpwa wangu amenipigia simu. Binti amewaalika wenziwe wawili wa darasani siku ya Jumapili, na mama mtu anatafuta mahali pa kupata mbuzi ya kukunia nazi katika mji wa Yokohama. Nimempa fundi wa Kibokoni atuchongee moja, na inshallah itasafiri na atakayekwenda.

Namuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio karibu na walio mbali, azitie baraka meza zetu, na awape wageni wa kila nchi wenyeji wema.

Wabillahi tawfiq.